Tasi wa Chwaka hajui kauli mbiu yetu

Kila ikifika tarehe 26 Julai, siku ambayo UNESCO iliitenga mwaka 2015 kwa ajili ya kuhifadhi mikoko, hotuba za pwani huwa na sentensi moja isiyokosekana: mikoko ni mazalia ya samaki. Utaisikia kwa kiongozi aliyekuja na msafara, utaisikia kwa sheha, utaisoma kwenye fulana za wanafunzi walioletwa kupanda miche topeni. Mimi mwenyewe nimeiandika zaidi ya mara moja bila kujiuliza. Leo nataka kuipekua, maana ndani yake yamefungwa pamoja mambo matatu ambayo mvuvi yeyote angeyatenganisha: samaki anapozaliwa, anapolelewa na anapokula.

La kwanza halina kazi kubwa. Tasi na changu tunaowanunua mnadani hawatagi mikokoni. Hutaga nje, mwambani au karibu na maji makubwa, na mabuu yao huja ndani yakichukuliwa na maji. Kwa hiyo neno "mazalia", tukilishika kwa maana yake kamili, limekosea tangu mwanzo. Malezi na malisho ndiyo yenye mjadala, na mjadala huo umehama kutoka kwenye macho ya mpiga mbizi ukaingia katika chembe za nyama zilizosagwa unga.

Kujua samaki kala nini, njia ya kale ni kumpasua tumbo. Mama anayepara samaki sokoni hufanya uchunguzi huo kila siku, na ukimwuliza atakwambia tasi ana majani, changu ana vigamba vya kaa. Lakini tumbo ni shahidi wa saa chache tu. Matumbo mengi hukutwa matupu. Vyakula laini huyeyuka kabla hujaviona. Na kilicho tumboni si lazima kiwe ndicho kinachojenga mwili: tasi humeza jani pamoja na mwani mdogo ulioota juu yake, na inawezekana mwani ndio uliobaki mwilini na jani likatoka kama lilivyoingia.

Hapo ndipo isotopu thabiti, yaani atomu za kitu kimoja zinazopishana uzito, zilipopata kazi. Kati ya kila atomu 100 za kaboni, karibu 99 zina uzito wa 12 na moja hivi ina uzito wa 13. Kati ya kila atomu 1,000 za naitrojeni, zisizofika 4 zina uzito wa 15, zilizobaki 14. Hizi nzito hazina mionzi, haziozi kadiri wakati unavyopita, zipo tu. Mimea ikijitengenezea chakula hupendelea zile nyepesi, na kiasi cha kupendelea hutegemea kama ina nafasi ya kuchagua. Mkoko huvuta hewa, na hewa ni nyingi. Ni kama aliyefika gulioni alfajiri, huchagua nyanya moja moja. Nyasi bahari hunyonya kaboni iliyoyeyuka majini, inayolifikia jani polepole, na yenyewe tangu hapo ni nzito kuliko ile ya hewani; ni kama aliyefika jioni, hubeba kilichobaki mezani. Ndiyo maana jani la mkoko hupatikana na alama ya kaboni ya kama kutoa 28, nyasi bahari nyingi za kwetu huzunguka kutoa 10, na planktoni ya baharini, yaani vijiumbe vinavyoelea majini, hukaa karibu na kutoa 20.

Alama ya kutoa isimtishe msomaji. Tofauti zenyewe ni ndogo mno, hivyo hupimwa kwa sehemu za elfu dhidi ya kipimo kimoja cha dunia nzima, na kipimo cha kaboni kilianza na kisukuku cha mnyama wa bahari ya kale kilichotolewa kwenye miamba ya Pee Dee, South Carolina, Marekani. Kisukuku hicho kilikuwa na kaboni nzito nyingi, basi karibu kila chenye uhai kikilinganishwa nacho huonekana kimepungukiwa. Kwa naitrojeni, kipimo ni hewa tunayovuta.

Mlaji hufuata mlo wake. Kaboni ikipita kutoka chakula kwenda kwa mlaji husogea kidogo, kwa kawaida isizidi moja. Naitrojeni hupanda kwa wastani wa 3.4 kila ngazi. Kwa hiyo kaboni husema umekula jiko la nani, na naitrojeni husema umekaa ngazi ya ngapi katika utando wa nani anamla nani.

Mimi huifananisha alama hii na lafudhi. Mtu akifungua kinywa unamjua kama ni wa Mvita, wa Pemba au wa bara, ingawa hajakutajia kwao. Aliyekulia sehemu mbili ana lafudhi iliyochanganyika. Lakini lafudhi haikwambii amekula nini asubuhi, wala haimtaji baba yake kwa jina. Minofu ya samaki hubeba lafudhi ya wiki nyingi hadi miezi, ini hubeba ya siku za karibuni, na kile kijiwe cha ndani ya sikio huhifadhi ya tangu utotoni, tabaka juu ya tabaka. Kazi ya maabara ni ya kawaida kuliko jina lake: unakata kipande cha mnofu, unakikausha kwenye joto la kama nyuzi 60, unakisaga, unachukua miligramu moja hivi, unaifunga kwenye kikombe cha bati kidogo kuliko punje ya njegere, kinachomwa kwa joto la kama nyuzi 1,000, na gesi inayotoka inapimwa uzito wa atomu zake.

Sasa twende Chwaka. Ghuba hii ya mashariki ya Unguja ni darasa zuri kwa sababu kila kitu kimepangwa ndani yake kwa mfuatano: kusini msitu wa mikoko uliounganika na Jozani, wenye hori kubwa la Mapopwe, kisha tambarare za tope na mchanga ambazo maji yakipwa unaweza kuzitembea hadi uchoke, kisha nyasi bahari, kisha mwamba unaoizuia bahari kuu. Kwa jina la kitaalamu ni lagoni, yaani maji ya ndani yaliyokingwa. Kwa watu wa Chwaka ni shamba. Wavuvi wa madema hutega kwenye nyasi, na hawakuhitaji kuelekezwa na mtu.

Mwaka 2006 Blandina Lugendo, wakati huo akifanya utafiti wake kati ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Nijmegen, Uholanzi, alichapisha pamoja na wenzake matokeo ambayo mimi huyaona kuwa miongoni mwa kazi bora zilizoandikwa juu ya samaki wa Zanzibar, ingawa sijapata kusikia yakinukuliwa kwenye hotuba hata moja. Walifanya yote mawili, wakapasua matumbo na wakapima isotopu. Matumbo yalitoa jibu la kuchosha: samaki wa aina moja alikutwa amekula vitu karibu vilevile popote alipovuliwa, iwe horini, kwenye tope au kwenye nyasi. Wengi walikuwa wamekula vidudu vya jamii ya kamba na kaa.

Nyama ikasema vingine. Samaki waliovuliwa mikokoni walikuwa na kaboni nyepesi kuliko wale wa kwenye nyasi kwa wastani wa 6.9, na vyakula vya sehemu hizo mbili vilipishana kwa 9.7. Tope na mchanga vilikaa katikati. Tumbo lilisema "kamba". Nyama ikauliza kamba wa wapi. Maana yake samaki hawa kwa sehemu kubwa walikuwa wakila pale walipokuwa. Wale wa mikokoni walikula mikokoni, wale wa nyasini walikula nyasini, na kila sehemu ilikuwa jiko kwa baadhi yao.

Kisha kuna wale wa katikati, na hawa ndio waliofanya niandike makala haya. Chaa, changu, tasi na wengine wachache walikutwa na lafudhi iliyochanganyika, alama ambayo haikulingana na chakula cha sehemu waliyovuliwa wala cha jirani, ila ilikuwa baina ya viwili. Watafiti waliona njia mbili za kueleza jambo hilo. Ama samaki huenda na kurudi na maji, yakijaa anaingia, yakipwa anatoka, akila huku na kule. Au ni mhamiaji: alikuwa mdogo huku, sasa amekua na kuhamia kule, na mwili wake bado haujasahau. Nyama peke yake haiwezi kuchagua kati ya hizo mbili. Nawasifu kwa kutolazimisha.

Kuna neno lao jingine ambalo wapenda mikoko hawatalifurahia, na wapenda nyasi pia. Jani lenyewe la mkoko, na jani lenyewe la nyasi bahari, mchango wao katika kuwajenga samaki ulionekana mdogo. Jambo hili limejirudia katika nchi nyingine. Samaki anakula mahali hapo, lakini msingi wa mlo wake kwa kiasi kikubwa ni vijimwani vya juu ya tope, mwani ulioota juu ya mizizi na majani, planktoni iliyoletwa na maji. Nikisema "nyasi" hapa chini, basi naomba ieleweke kuwa ni nyasi pamoja na wapangaji wake wote.

Ukifikiri kidogo haishangazi. Wazee walichemsha magome ya mkandaa kupata rangi nyekundu na dawa ya ngozi. Ukali huohuo umo majanini. Jani la mkoko likianguka lina naitrojeni kidogo sana na uchungu mwingi. Ni chakula cha mwenye shida au mwenye tumbo maalumu. Wapo wenye tumbo hilo. Tondo aliyekomaa hulitafuna, na wapo kaa wanaoliburuta hadi shimoni. Huko Gazi, Kenya, watafiti waliwahesabu kaa na tondo kuwa ndio wanaoondoa sehemu kubwa ya majani yanayoanguka katika baadhi ya maeneo ya msitu. Kwa hiyo jani halipotei, na kaa ni mlo wa mtu. Lakini kutoka hapo hadi kudai kwamba samaki wote wa mwambani wanaishi kwa majani ya mikoko ni safari ndefu, na isotopu zinaonyesha kuwa jani huchoka njiani.

Gazi ndiko safari hiyo ilikopimwa. Ghuba hiyo iko kama kilomita 50 kusini ya Mombasa, na katika miaka ya 1990 ilipimwa na Wakenya, Waholanzi na Wabelgiji pengine kuliko ghuba nyingine yoyote ya ukanda huu. Walichofuata ni swali la zamani: je, mikoko hutoa chakula kwenda nje, hadi nyasini na hadi mwambani? Jibu la mwaka 1994 lilikuwa na pande mbili. Ndiyo, kaboni ya mikoko hutoka na kuingia kwenye nyasi za jirani. Lakini hupungua haraka, ndani ya kilomita chache, na dalili zake hazikuonekana kufika mwambani kwa wingi wa kujivunia. Na tena, maji yakijaa, vipande vya nyasi hurudishwa kuingia mikokoni. Biashara ilikuwa ya pande mbili, wakati hotuba zinamtaja muuzaji mmoja. Mwaka 1997 wakapima wanyama, wakakuta samaki wa kwenye nyasi wanategemea zaidi kaboni ya huko huko kwenye nyasi.

Gazi ilifundisha pia adabu ya upimaji. Nyasi zilizoota karibu na mikoko zilikuwa na kaboni nyepesi kuliko nyasi za aina ileile zilizo mbali zaidi. Sababu inayotolewa ni kwamba majani ya mikoko yakioza hutoa gesi yenye lafudhi ya mkoko, gesi ikayeyuka majini, nyasi ikainywa. Yaani nyasi ya mlangoni kwa mkoko huzungumza kama mkoko kidogo. Mtu akija na namba za kitabuni, akasema nyasi ni kutoa 10 popote ilipo, atamhukumu samaki wa nyasi kuwa wa mikoko bila kosa lake.

Wazo la kwamba mabwawa ya pwani hulisha bahari halikuzaliwa kwetu. Lilikuzwa Georgia, Marekani, katika miaka ya 1960, kwenye majani yanayoota katika maji chumvi ya kisiwa cha Sapelo na jirani zake, likaungwa mkono na kazi ya William Odum na Eric Heald juu ya mikoko ya Florida. Lilisaidia sana kuokoa mikoko isifukiwe kujengewa nyumba, na kwa hilo tulishukuru. Lakini tayari mwaka 1976 na 1977 Evelyn Haines alikuwa ameanza kupima kaboni za wanyama wa Georgia na kutilia shaka kwamba majani yale ndiyo yaliyowalisha. Mwaka 1984 utafiti wa Malaysia ukakuta kaboni ya mikoko kwa wanyama wa horini na kuikosa kwa wale wa mbali baharini. Mwaka 1987 watafiti wengine walirudi Sapelo na kuongeza kipimo cha tatu, salfa, ambayo topeni ni nyepesi na majini ni nzito, wakaweza kutenganisha vilivyokuwa vimefungamana. Majani ya maji chumvi yakarudishiwa sehemu ya heshima yake. Wenyewe waliokuwa na kauli hiyo walikaa nayo, wakaipima, wakaipunguza, wakaiongeza. Sisi tuliipokea ikiwa imeshafungwa kwenye karatasi ya zawadi na hatujaifungua.

Nisiufanye mzani wa isotopu kuwa mtakatifu. Una mitego yake, na mtego mkubwa uko kwenye hesabu. Ukiwa na vipimo viwili, kaboni na naitrojeni, unaweza kutenganisha vyakula vitatu kwa jibu moja la uhakika. Ghuba ina sita, saba au zaidi. Kuanzia miaka ya 2000 zilitengenezwa programu za kukadiria migao pale ambapo vyakula ni vingi kuliko vipimo, na siku hizi hutoa majibu kwa uwezekano badala ya namba moja. Ni nzuri, ila hazikatai kazi. Ukiipa vyakula vitatu itagawa kwa vitatu, hata kama samaki hajawahi kugusa kimoja wapo. Ukiusahau mwani wa juu ya majani, fungu lake litagawiwa kwa waliobaki, kama kadhi aliyefichwa mrithi mmoja: hesabu itakuwa safi na mirathi itakuwa dhuluma.

Mtego mwingine ni watu wa nchi kavu. Jani la mwembe na jani la mkoko kwa kaboni ni ndugu. Mto wa masika ukileta takataka za shambani, mzani hauwezi kuzitofautisha na mikoko. Miwa na mahindi ni kinyume chake, kaboni yao ni nzito, kama kutoa 12, jirani kabisa na nyasi bahari. Kwale kuna mashamba ya miwa, na kuna mito inayoshuka hadi pwani ya Gazi. Sisemi kwamba miwa imeharibu matokeo ya mtu yeyote. Nasema atakayepima leo na asichukue sampuli ya mto, nitamsoma kwa jicho moja. Naitrojeni nayo ina mchezo wake: maji taka ya mjini mara nyingi huongeza naitrojeni nzito, basi samaki mdogo mla mwani anayeishi karibu na bomba anaweza kuonekana ana cheo cha papa. Kwa mtafiti mzembe hilo ni kosa. Kwa mwenye akili ni chombo cha kufuatilia uchafu unafika wapi, na miji yetu ya pwani ina haja kubwa ya chombo hicho kuliko ya kujua cheo cha samaki.

Na malezi je? Hapo kauli mbiu inapata nafuu kidogo, nami sina budi kuikiri. Mwaka 2013 Ismael Kimirei na wenzake walichapisha kazi ya vijiwe vya masikioni vya samaki wa pwani ya Tanzania. Walitafuta kwa samaki wakubwa wa mwambani alama walizozipata wakiwa wadogo, na kwa baadhi ya aina walikuta dalili za wazi kwamba wengi walilelewa katika maji ya ndani, kwenye mikoko na nyasi, kabla ya kutoka. Uhusiano wa ndani na nje upo, basi. Unabebwa na samaki mwenyewe kwa mapezi yake zaidi kuliko unavyobebwa na majani yanayoelea. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mwenye kupanga sheria. Kama chakula kingekuwa kinasafiri, ungeweza kulinda msitu na kuacha njia. Kwa kuwa anayesafiri ni samaki, kila kituo cha njia yake kina thamani, na nyavu inayokokotwa katikati ya njia inakata safari yote.

Utafiti mwingine wa Lugendo na wenzake, wa mwaka 2007, ulilinganisha mikoko ya aina mbalimbali pwani ya Tanzania na kuonyesha jambo ambalo mvuvi angelicheka kwa urahisi wake. Mikoko ya kando ya hori, ambako maji hubaki hata yakipwa, hutumika kama malisho kuliko mikoko ya ukingoni inayokauka kabisa. Chumba kinachofungwa mara mbili kwa siku hakiwezi kuwa na wapangaji wa kudumu. Lakini fikiria maana yake kwa sherehe zetu za upandaji. Tunahesabu miche na hekta, hatuulizi maji yanakaa wapi.

Hapa ndipo kauli mbiu inapoacha kuwa neno tu la hotuba. Ukiamini kwamba mkoko ndio kila kitu, tope tupu litaonekana ni kiwanja kinachosubiri miche, na nyasi zitaonekana ni magugu. Ufilipino wameyaona haya: miche ya mikoko ilipandwa kwa wingi juu ya tope na hata juu ya nyasi bahari, sehemu kubwa ikafa, na pale ilipopandwa palikuwa tayari na kazi yake. Kwetu nyasi hukwanguliwa na majuya, hukanyagwa, na sehemu nyingine hung'olewa ili kupisha vigingi vya mwani, kilimo kilichoanza kwa biashara mashariki ya Unguja mwaka 1989. Sitawalaumu akina mama wa mwani. Wao waliambiwa kuna soko, hawakuambiwa kuna jiko la mtu chini ya miguu yao. Nyasi bahari zilipata siku yao ya Umoja wa Mataifa mwaka 2022 tu, nayo ni tarehe 1 Machi. Niambie kama umewahi kupewa fulana.

Fedha nazo hufuata kinachoonekana kutoka barabarani. Pale pale Gazi, mradi wa Mikoko Pamoja unauza hewa ya ukaa, yaani hulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na msitu, tangu mwaka 2013 kutokana na hekta 117 za mikoko, na vijiji vya Gazi na Makongeni vimepata maji na msaada wa shule. Ni kazi ya heshima, na wanaoibeza kwa udogo wake hawajaona kijiji kikikaa kikao cha kugawa pesa yake yenyewe. Lakini isotopu zinauliza swali hata hapa: kaboni iliyozikwa chini ya tope ni ya nani? Mapitio ya vipimo vya dunia yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba katika udongo wa nyasi bahari, kwa wastani karibu nusu tu ya kaboni ilitokana na nyasi zenyewe. Nusu nyingine ililetwa. Siku miradi ya nyasi itakapoanza kuuza, na wafanyabiashara wameshaanza kunusa, mhasibu wa kweli atakuwa yule mwenye kikombe cha bati.

Tatizo ni kwamba mashine hizo ziko mbali. Nyama ya Gazi ilipimwa Ulaya. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Mombasa bado mara nyingi hukausha sampuli zake, huzifunga na kuzituma ng'ambo, kisha husubiri. Sina ugomvi na ushirikiano. Bila huo hatungekuwa na namba hata moja ya kuandikia makala haya. Ugomvi wangu ni kwamba sampuli zinazosafiri huwa chache, na zikiwa chache huchukuliwa mara moja, msimu mmoja, bamvua moja. Ghuba ya kaskazi si ghuba ya kusi. Maji ya masika si ya Januari.

Zikichukuliwa tena Chwaka, zichukuliwe katika bamvua na katika maji mafu, ini lipimwe pamoja na mnofu ili tumjue aliyepita jana na aliyehamia mwaka jana, na salfa iongezwe pale pesa itakapotosha. Na kabla programu haijapewa orodha ya vyakula, mtu akae na wavuvi wa madema. Wao humtegea tasi kwa chambo cha mwani, na mwenye dema anajua ni mwani gani tasi anaukubali, ni upi anaukataa, na mwezi gani anabadili nia. Nimekaa nao dikoni wakibishana juu ya hilo hadi maji yakajaa, na hapakuwa na aliyeandika.